Minyoo sugu, mbuzi wetu na miti ya dawa: shajara ya mradi, Nyando

Hii shajara naiweka ili kikundi kingine kikitaka kurudia hii kazi kisihangaike pale tulipohangaika sisi. Naongeza kipande kila hatua ikiisha. Ile ya kawaida napita haraka, ile iliyotukataa ndiyo naandika kwa urefu.

10 Februari 2024: Tunaanza

Sisi ni wafugaji wa mbuzi huku Nyando ya chini, Kisumu, Kenya, upande wa Ahero kuelekea Katito. Wengi ni mbuzi wa kienyeji, wachache ni chotara wa Galla. Shida ni ile ile ya kila boma, unanunua dawa ya minyoo agroveti, unanywesha, wiki mbili zikiisha mbuzi ni yule yule, manyoya yamesimama, ndani ya kope kumekuwa kweupe, na jioni unaona uvimbe chini ya taya.

Mnyoo tunayemshuku ni Haemonchus contortus. Anakaa tumbo la nne la mbuzi na kazi yake ni kunyonya damu. Mmoja ananyonya karibu mililita 0.05 kwa siku, ukisikia hivyo unaona ni kitu kidogo, lakini mbuzi akiwa nao 5,000 hiyo ni robo lita ya damu kila siku inayotoka. Na jike mmoja anataga mayai kati ya 5,000 na 10,000 kwa siku, kwa hivyo malisho yanajaa upesi sana mvua ikianza.

Kwa mkutano mzee mmoja alisema tuache haya madawa ya duka turudi kwa miti. Mama mmoja akamjibu, "Jaduong', miti gani? Mbuzi wa dani (nyanya) yangu walikuwa wanakunywa hiyo miti na wanakufa nayo mdomoni." Tukacheka, lakini hapo ndipo mradi ulizaliwa, kwa sababu hakuna kati yao aliyekuwa na hesabu. Tukakubaliana tutapima, dawa ya duka na miti pia, zote kwa kipimo kimoja.

Vifaa: maikroskopu tumeazimwa na shule ya sekondari ya jirani, tunaitumia Jumamosi peke yake mwalimu wa baiolojia akiwepo. Slaidi ya McMaster (hii ni ya kuhesabia mayai ya minyoo, ina vyumba viwili vyenye mistari) tumenunua shilingi 3,800. Mizani ya kuning'iniza 1,600. Kadi ya FAMACHA tumepewa na veti wetu baada ya kutufundisha kuitumia. Hii kadi ilitoka Afrika Kusini, ina rangi tano za ndani ya kope, 1 ni nyekundu safi, 5 ni nyeupe mbuzi yuko karibu kwenda. Bila mafunzo usiitumie, watu wengi wanavuta kope vibaya au wanaangalia chini ya mti kwenye kivuli kisha kila mbuzi anapata 3.

24 Februari 2024: Kuhesabu mayai, sifuri za uongo

Njia yenyewe ni rahisi kuieleza: gramu 4 za mavi, mililita 56 za maji ya chumvi iliyokolea, ponda, chuja kwa kichujio cha chai (nunua kingine, usirudishe cha jikoni, tayari kuna mtu amegombana na mke wake), jaza vyumba viwili vya slaidi, ngoja dakika tano mayai yaelee, hesabu ndani ya mistari ya vyumba vyote viwili, zidisha kwa 50. Unapata mayai kwa gramu moja ya mavi.

Siku ya kwanza karibu kila slaidi ilikuwa sifuri. Mbuzi kope 4, slaidi sifuri. Watu wakaanza kusema basi si minyoo ni uchawi wa boma la fulani.

Ilikuwa chumvi. Tulikoroga kwa maji baridi kwa kukadiria, na kijana mmoja akapima kwa kutia yai la kuku, likaelea, tukaona iko sawa. Yai la kuku linaelea hata kwenye chumvi hafifu, yai la mnyoo linataka maji mazito zaidi. Sasa tunafanya hivi: chemsha lita moja ya maji, tia karibu gramu 400 za chumvi ya kawaida, koroga mpaka uone kuna chumvi imebaki chini imekataa kuyeyuka, hiyo ndiyo alama yako. Acha ipoe, mimina ile ya juu kwa chupa. Tukarudia slaidi za mbuzi wale wale na mayai yakajaa.

Vitu vingine viwili vilivyotusumbua. Viputo vya hewa, mtu mgeni anavihesabu kama mayai. Kiputo kina duara nyeusi nene pembeni na katikati hakuna kitu, yai la mnyoo ni la mviringo mrefu, ganda jembamba, ndani unaona vidonge vidonge vya seli vimejibana. Ukishaliona moja zuri hutachanganya tena. Pili ni joto. Sampuli za boma la mbali zilikuja kwa boda zikakaa kwa karatasi ya nailoni juani tangu asubuhi mpaka kesho yake, kufungua tukakuta mayai mengi yameshaanguliwa, viluwiluwi vinaogelea. Hesabu hiyo tupa. Siku hizi tunatoa mavi kwa mkono wenye glavu kutoka kwa mbuzi mwenyewe, si ya kuokota chini, tunabana hewa yote, tunaweka kwa ndoo yenye chupa ya maji ya barafu, tunahesabu siku hiyo hiyo.

30 Machi 2024: Dawa ya duka imepimwa kwanza

Kuna waliotaka turuke hii hatua tuingie kwa miti mara moja. Nilikataa, maana hujui kama dawa imeshindwa mpaka uone imeshindwa.

Tuligawa mbuzi makundi. Kundi la kwanza albendazole kama tulivyozoea kunywesha, yaani kwa macho, chupa ya soda, "huyu ni mkubwa mpe mingi". Kundi la pili albendazole ile ile lakini kwa mizani na kwa kipimo cha mbuzi alichotuandikia veti. Hapa watu wengi hawajui: mwili wa mbuzi unaimaliza hii dawa haraka kuliko wa kondoo, kwa hivyo kipimo cha kondoo kwa mbuzi ni kidogo mno, na kile kilichoandikwa kwa chupa mara nyingi ni cha kondoo. Kundi la tatu levamisole, nayo kwa mizani. Kundi la nne halikupewa kitu. Tulihesabu siku ya kunywesha na tena baada ya wiki mbili.

Kwa macho: wastani wa mayai kwa gramu kutoka 1,450 hadi 560. Hiyo ni kupungua asilimia 61.
Kwa mizani: kutoka 1,380 hadi 300, asilimia 78.
Levamisole: kutoka 1,290 hadi 50, asilimia 96.
Bila dawa: walipanda kidogo, mvua imeanza.

Wataalamu wanasema dawa ikishusha chini ya asilimia 95 kuna usugu. Kwa hivyo usugu wa albendazole tunao, hauna ubishi, lakini angalia tofauti ya 61 na 78, hiyo si ya mnyoo, ni ya chupa ya soda. Mbuzi mmoja tuliyemkadiria kilo 25 mizani ilisema 38. Na ndivyo usugu wenyewe unavyozaliwa, unampa mnyoo kadozi kadogo, dhaifu wanakufa, wale wagumu wanabaki kuzaana. Si jambo geni hili, thiabendazole ndugu mkubwa wa albendazole ilitoka sokoni 1961 na kufika 1964 minyoo ya kondoo iliyoikataa ilikuwa imesharipotiwa Marekani. Hapa Kenya nako ripoti za usugu zimekuwepo kwa miaka mingi.

Angalizo la levamisole: inafanya kazi kwetu, lakini ukizidisha mbuzi anatetemeka, anatoa mate, anaweza kufa. Mizani kwanza. Na albendazole usimpe mbuzi aliyeshika mimba karibuni, inaharibu kilicho tumboni.

20 Aprili 2024: Mbegu za paipai, na mwanambuzi mmoja

Sasa miti. Kila mtu alileta wake, kikao kilikuwa kirefu. Tumechagua mitatu: mbegu za paipai, majani machungu ya Vernonia amygdalina (ule mmea wa vichaka vya mpakani, watafiti waliona sokwe wagonjwa kule Mahale Tanzania wakitafuna utomvu wa vitawi vyake), na majani ya mti wa kaliandra kama lishe.

Tuliyoikataa: mwarobaini, kwa sababu kondoo waliopimwa hapa Kenya kwa Haemonchus haukuwasaidia. Gome la Albizia anthelmintica, wafugaji wa Samburu wanaliamini sana na kuna utafiti wa huko ulioona linapunguza mayai vizuri, lakini utafiti mwingine wa kondoo walioambukizwa kwa makusudi haukuona kitu, na hata hivyo mti wenyewe huku kwetu haupo, utalipa nauli ya gome. Tephrosia vogelii hiyo hata tusijadili. Ina sumu ya rotenone, ni ile watu wanapondea mtoni kuua samaki, na sisi tuko chini ya mto unaoingia ziwani. Kijana aliyeileta alisema inaua kila kitu. Ndio, na mbuzi pia.

Paipai tulipata mbegu bure kwa wauza juisi wa soko la Ahero, wanazitupa. Mwanzo tulifuata njia ya wazee, chemsha nusu saa, chuja, nywesha. Haikufanya kitu, mayai yalibaki pale pale. Nikaenda kusoma ile kemia yake. Mbegu ya paipai haina dawa ikiwa nzima, ina malighafi na kimeng'enya vimewekwa mbalimbali, ukiiponda ikiwa mbichi au imekaushwa kivulini na ukatia maji vinakutana vinatengeneza benzili isothiosianate, ile harufu kali inayopanda puani kama ya haradali. Ukichemsha kwanza umeua kimeng'enya, umebaki na supu. Ni kisa kama cha mtafiti Tu Youyou wa China na mmea wa artemisia: dondoo zake za kwanza zilikuwa zinakataa, akasoma kitabu cha kale cha Ge Hong kinachosema loweka kwa maji kamua unywe, hakijasema chemsha, akabadilisha akatumia etha isiyohitaji moto mwingi, 1971 akapata dawa ya malaria iliyompa Nobeli 2015. Kwa hivyo ukiambiwa na mtu "chemsha" muulize kwa nini.

Tukabadilisha. Mbegu zinaoshwa ule utelezi wote, zinaanikwa kivulini kwa gunia (si kwa bati juani), zinasagwa siku ya kutumia, zinachanganywa na maji baridi na kunyweshwa mara hiyo. Ukisaga ukaacha mpaka kesho harufu imeisha, na dawa imeenda nayo.

Sasa ile mbaya. Uji wa mbegu ni mzito na mchungu, mbuzi anakataa, aliyeshika akamwinua mwanambuzi kichwa juu kabisa ili imwingie, ikaingia mapafuni. Alikohoa usiku mzima, siku ya tatu akafa. Mwenyewe hakudai lakini kikundi kimemlipa 2,500. Kanuni sasa: kichwa kikae sawa na mgongo, pua isizidi macho, sirinji iingie pembeni mwa mdomo nyuma ya meno, kidogo kidogo, akikohoa achia. Na uji uchujwe kwa kitambaa kwanza. Hii inahusu dawa yoyote ya maji, ya duka pia.

11 Mei 2024: Mafuriko, na mbuzi mwenye sifuri

Mvua ya mwaka huu imetufanyia vile imefanyia watu wote, mto ukavunja kingo, boma kadhaa zikahama na mbuzi wao hadi barabara kuu. Makundi yetu yamechanganyika. Nimefuta hesabu za wiki hizo zote, hazina maana mbuzi wamelala pamoja na wa watu wengine juu ya tuta moja.

Ila kuna kitu kimetokea hapo tutani kilichonifundisha kuliko miezi yote. Mbuzi mmoja wa rangi nyekundu, wanamwita Silwal, uvimbe chini ya taya umejaa maji, kope 5, mwenyewe ananiambia, "Mwalimu, huyu nimempa hiyo levamisole yenu nzuri, nimempa paipai, sasa nayo imekuwa sugu." (Mimi si mwalimu, nimekubali tu.) Nikapima slaidi, sifuri. Nikarudia, mayai mawili ndani ya mistari, yaani 100, haiwezi kumfanya mbuzi hivyo.

Veti akauliza swali moja tu: anakunywa maji wapi? Anakunywa kwenye mifereji ya mpunga. Basi, ni mnyoo wa ini, Fasciola, yule anayepitia kwa konokono wa majini. Mayai yake ni mazito, hayaelei kwa maji ya chumvi, kwa hivyo slaidi ya McMaster haitakuonyesha kamwe hata awe nayo mia. Unatumia njia ya kuzamisha: mavi gramu chache kwa maji ya kawaida, chuja, ngoja itulie, mwaga ya juu, ongeza maji, rudia mpaka ya juu iwe safi, kisha tone la rangi ya bluu ya methilini kwa yale masalio. Takataka zote zinageuka bluu, yai la mnyoo wa ini linabaki njano ya dhahabu, kubwa, lina kifuniko mwishoni. Kwa Silwal tuliyaona, tena mengi.

Levamisole haigusi huyu mnyoo. Albendazole inaua wale wakubwa tu na kwa dozi ya juu. Ile inayoua wadogo na wakubwa ni triclabendazole, chupa 950, na Silwal amepona, jana alikuwa anapigana na beberu. Kwa hivyo kesi ngapi za "dawa imekataa" hapa kwetu ni mtu amempa mbuzi dawa ya mnyoo mwingine? Kuanzia sasa kila mbuzi wa karibu na mifereji anapimwa njia zote mbili kabla mtu hajataja neno usugu.

29 Juni 2024: Majibu ya paipai na majani machungu, na kundi lililoharibika

Tulianza upya maji yalipokauka, mbuzi wote kwenye makundi mapya. Wiki hii imekuwa ya maandamano, duka nyingi Kisumu zimefungwa, glavu zimetuishia tumetumia karatasi za mkate.

Majani machungu: hakuna. Nayaandika hivyo hivyo ili usipoteze muda. Tumepondea baridi, tumewapa na kimiminika, hesabu yao imefuatana na ya wale wasiopewa kitu. Sokwe anatafuna kidogo kwa siku zake na minyoo yake ni tofauti na hii ya mbuzi.

Paipai baridi: wastani kutoka 1,500 hadi 1,260. Ukiangalia hiyo peke yake ni asilimia 16, inachekesha. Lakini wasiopewa kitu walipanda kutoka 1,450 hadi 1,700, kwa hivyo kuna kitu paipai imezuia. Bado haifiki popote karibu na 95. Mbuzi mwenye kope 4 ukimpa paipai umngoje, unamngojea afe.

Hizo namba za wasiopewa kitu ni baada ya kutoa boma moja. Mbuzi wa boma hilo walikuwa kundi la bila dawa na ghafla wote wakashuka hadi karibu sifuri, nikajua hapo pana mkono wa mtu. Mwenyewe hakuficha, alisema amewapa levamisole usiku, akaniuliza, "Unataka wanangu wakose karo nikiwatazama mbuzi wakifa kwa sababu ya hesabu yako?" Sikuwa na jibu la kumrudishia, na kusema kweli alikuwa na haki. Kasoro ilikuwa kwa mpango. Tumeweka sheria: mbuzi yeyote wa kundi lolote akifika kope 4 au 5 anapewa dawa inayofanya kazi siku hiyo hiyo, anatolewa kwenye hesabu, na tunaandika ametolewa. Tangu hapo hakuna anayenywesha usiku. Ukipanga jaribio lako anza na sheria hii, usisubiri kuaibishwa.

6 Julai 2024: Kabla hatujaendelea, kuhusu watoto

Imefika mahali watu wanachukua mbegu zetu zilizosagwa wakawape watoto, na mwingine ameniuliza kama chai ya artemisia inaweza kushika nafasi ya dawa ya malaria kwa vile anasikia malaria nayo imekuwa sugu. Nimesema kwa mkutano na naandika hapa.

Mbegu za paipai kwa watoto zimewahi kupimwa, Nigeria, utafiti uliotoka 2007, watoto 60, waliopewa mbegu kavu na asali wengi wao kinyesi kilisafika kuliko waliopewa asali tupu. Inatia moyo, lakini ni watoto 60 na ni mbegu zilizopimwa, si zile zetu zilizosagwa kwa mashine ya mahindi ya kuku na kuanikwa karibu na mavi ya mbuzi. Mtoto ana kidonge cha albendazole cha shuleni, kwa binadamu bado kinasaidia, apewe.

Chai ya artemisia Shirika la Afya Duniani limesema wazi 2019 haiipendekezi, kwa kinga wala kwa tiba. Kiasi cha dawa kwa kikombe hakijulikani, leo kingi kesho kidogo, hiyo si ni ile chupa yetu ya soda tena? Vimelea vya malaria vyenye mabadiliko ya jeni ya K13 vinavyochelewa kufa kwa artemisinini (ile dawa inayotoka kwa artemisia) vimeshapatikana Rwanda na Uganda, hapo tu ng'ambo. Homa ya mtoto ni kupimwa na kupewa AL (vidonge vya malaria vya artemether-lumefantrine) kamili, akimaliza vidonge vyote hata kama ameanza kucheza.

24 Agosti 2024: Kaliandra

Hii ndiyo niliyoitegemea kidogo kuliko zote na ndiyo imebaki.

Kaliandra si dawa unayonywesha, ni majani mbuzi anakula. Yana tanini nyingi, zile zinazokausha ulimi ukitafuna, na tanini zinamsumbua mnyoo moja kwa moja na pia zinafunga protini isioze tumbo la kwanza, mbuzi anaipata mbele kule inapomjenga. Mbuzi mwenye protini anapigana na minyoo mwenyewe. Jaribio letu haliwezi kutenganisha hizo mbili, na mfugaji haimuhusu sana.

Mwanzo ilishindikana. Majani tulinunua kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa huko juu milimani, gunia 150, boda 300, yakafika mchana yamenyauka na mbuzi wakayanusa wakayaacha. Ikawa hasara ya wiki mbili. Tuligundua wanayala vizuri yakiwa mabichi, kwa hivyo tukatafuta miti ya karibu, tukapata ua mmoja wa zamani wa kaliandra kwa shamba la kanisa, anakata kijana saa kumi na mbili asubuhi, saa mbili yako kwa hori. Na wale wasioyajua waanze na kidogo yaliyochanganywa na majani ya viazi vitamu. Tusizidishe pia, tunabaki chini ya theluthi ya chakula chote, tanini ikizidi mbuzi anapoteza hamu ya kula.

Baada ya wiki sita wanaokula kaliandra wako wastani 1,150, wasiokula 1,900. Waliolazimika kutolewa kwa kope 4 ni mmoja upande wa kaliandra na watano upande mwingine. Hilo la pili ndilo linalotufurahisha, kwa sababu kila mbuzi asiyefika 4 ni dozi ya levamisole ambayo hatujatumia, na kwa dawa tulizopima levamisole ndiyo pekee inayotubakia. Hatunyweshi boma zima tena. Kope 1 na 2 wanaachwa na minyoo yao kidogo, makusudi, ile minyoo isiyo sugu iendelee kuzaana na kuchanganyika na sugu. Hii ilikuwa ngumu kuuza kwa mkutano kuliko kitu kingine chochote, jaribu kumwambia mzee amwachie mbuzi wake minyoo.

Mengine madogo tunayofanya: mbuzi hawatoki mpaka umande ukauke, kwa vile viluwiluwi vinapanda nyasi na unyevu, na vinakaa sana sana zile sentimita tano za chini, kwa hivyo kamba inahamishwa kabla nyasi hazijaliwa mpaka udongoni. Boma mbili zimeleta dume la kondoo Red Maasai, hao wanavumilia Haemonchus kuliko kondoo wengi na walishaletwa Nyando zamani na watafiti, lakini hiyo ni shajara ya mtu mwingine.

Gharama hadi leo: slaidi 3,800, mizani 1,600, albendazole 850, levamisole 700, triclabendazole 950, chumvi na vichujio na vikombe 420, nauli na boda za sampuli 2,600, mbegu za kaliandra 500. Jumla 11,420. Weka na ile 2,500 ya mwanambuzi ni 13,920. Yale majani yaliyonyauka yalilipwa na mtu mfukoni mwake, amekataa yaingie kwa hesabu hii.

Mbegu za kaliandra zimelowekwa maji baridi siku mbili, zimeingia kwa mifuko chini ya mwembe wa mwenyekiti, nyingi zimeota. Zinapandwa mipakani mvua ya vuli ikikaza, kukata kwa mara ya kwanza ni karibu mwaka mmoja. Kabla ya hapo, Novemba, tunarudia kipimo cha levamisole kwa mpango ule ule wa Machi, kwa mizani, na safari hii kila mbuzi wa karibu na mifereji anapimwa mnyoo wa ini kwanza. Ikishuka chini ya 95 nitaandika hapa siku hiyo hiyo.